Mashine ya Theluji na Chujio la Chai

Mnisamehe mwandiko kwanza. Herufi zangu zinaegemea upande mmoja kama watu wanaosukuma gari, na penye madoa ni oili. Niliishia darasa la nane, basi mkikuta neno limekosa herufi, liongezeeni muendelee. Kurasa hizi zimenichukua Ijumaa sita. Rafiki yangu Otieno, mlinzi wa jengo moja kule West Bay, aliniambia nirekodi sauti tu niitume kwenye kundi letu la simu. Sauti siwezi. Nikibonyeza pale pa kuongea, maneno yote yananikimbia. Kwa hivyo nimeandika, na yeye atapiga picha kurasa awatumie.

Jina langu ni Barasa. Sijazeeka, nina miaka thelathini na mmoja. Lakini kati yetu tunaotunza bustani na mashine za nyumba za watu hapa Doha, mimi ndiye niliyekaa sana, na mwezi ujao ninaweka spana chini narudi Kimilili kulima vitunguu. Nyinyi mliofika juzi mmeniuliza niliwezaje kukaa nyumba moja miaka tisa. Jibu ni mashine ya theluji. Najua mtacheka. Otieno alicheka hadi akasimamisha watu kwenye lifti.

Nyumba yetu iko Muaither. Nilikuja hapo kama mtunza bustani, wa majaribio ya miezi mitatu. Kabla ya hapo nilikuwa nimekaa nyumba nyingine wiki mbili nikarudishwa ofisini kwa wakala, eti siongei. Mama wa nyumba ile alisema ananiita na hajui kama nimesikia. Nilikuwa nimesikia. Nilikuwa nikitikisa kichwa. Yule mtu wa ofisini akaniambia wazi: "Ukirudishwa mara ya pili, ni tiketi ya nyumbani." Kwetu nilikuwa nimeshaagwa kwa maombi na chai ya watu wengi. Sikutaka kurudi kabla ya vile vikombe kukauka.

Mwenye nyumba, mume wa Madam, tunamwita Baba Khalid. Ni mtu mrefu, mpole, anayependa vitu vya chuma. Siku ya kwanza alinionyesha mlimau uliokauka karibu na geti. "Yule aliyekuwa hapa kabla yako alisema anajua miti," akaniambia. "Mti huu ulikuwa wa mama yangu. Mtu asiyejua namfundisha. Mtu anayesema anajua na hajui, namrudisha." Tulizungumza kwa Kiarabu cha jikoni na Kiingereza cha kuokoteza, lakini hilo nililielewa neno kwa neno.

Sasa sikilizeni nilivyofanya. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja miezi mitatu iishe. Jumatano moja Baba Khalid akafungua stoo, akavuta turubai, na chini yake ikawa mashine nyekundu yenye mdomo mpana mbele, meno ya chuma yamejikunja mdomoni, na shingo juu kama ya bata. Alikuwa ameishi nchi ya baridi alipokuwa akisoma, akaja nayo kwenye kontena pamoja na viti na vitanda. Kule hutumika kutoa theluji mlangoni. Hapa ndugu zake walikuwa wakimtania kila wakikutana: leo theluji imefika magoti, Abu Khalid, tuletee mashine. Akachoka. Akawaambia Ijumaa ya wiki ijayo waje wale chakula cha mchana, atawaonyesha inavyorusha mchanga.

"Imekataa kuwaka," akaniambia. "Wewe, makina unajua?" Makina ni mashine kwa Kiarabu chao.

Nikatikisa kichwa. Juu, chini.

Sikusema uongo kwa mdomo, lakini kichwa changu kilishasema. Nilikuwa nimewahi kukata nyasi kwa mashine ya kanisa kwetu na kusafisha filta yake mara mbili. Basi. Nilitaka kumwambia, "Kidogo tu, Baba, nyingine sijui." Bado nalitafuta neno la kwanza. Yeye akanipiga bega, akaenda zake akifurahi.

Nilivuta kamba ya kuwashia siku mbili nzima. Kiganja kikatoka malengelenge. Siku ya pili mpishi wetu, Mama Nekesa, akatoka mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Mama Nekesa ni wa Malava, mama wa makamo, sauti yake inafika geti bila yeye kujitahidi.

"Unavuta nini hapo, ng'ombe?"

"Mashine, Mama."

"Naisikia tangu jana. Haijakohoa hata mara moja. Swichi umeweka?"

"Inawashwa kwa kamba."

"Kijana, nimekuuliza swichi."

Akainama, akapitisha kidole kando ya injini, akaonyesha tundu dogo jembamba. "Hapa kuna kitu kinaingia. Kiko wapi?"

Kitu chenyewe kilikuwa kifunguo chekundu cha plastiki. Bila hicho mashine haitoi cheche hata uivute hadi Ramadhani. Tulikipata chumbani kwa Maryam, binti wa nyumba, amemvalisha mwanasesere wake shingoni. Kwa hivyo somo langu la kwanza kwenu ni hilo: kabla hujashika spana, hakikisha swichi imewashwa na njia ya mafuta iko wazi. Msione haya. Mwaka wa nne nilipelekwa kwenye kambi ya jangwani wakati wa baridi, jenereta imekataa, wanaume saba wameizunguka na tochi za simu, wawili tayari wameanza kufungua boliti. Nikapita katikati yao nikageuza kibomba cha mafuta kilichokuwa kimefungwa. Ikawaka. Waliniita fundi, na kazi yangu ilikuwa ya kidole kimoja.

Turudi kwa Mama Nekesa. "Wewe umejuaje haya?" nikamuuliza, na kwangu mimi hiyo ilikuwa hotuba ndefu.

"Mimi nimesagia watu mahindi miaka kumi na moja," akasema. "Mume wangu alinunua injini ya petroli, akaiogopa, akaniachia. Ile injini ilikuwa na kiburi kuliko yeye. Leta kisanduku cha spana. Na hilo sinia la kuokea la zamani pale juu ya friji."

Sinia nikafikiri ni la mambo ya jikoni. Kumbe ni la vyuma. Aliniambia kila kitu nitakachofungua nikipange juu ya sinia kwa mfuatano, cha kwanza kushoto kabisa, na skrubu zake kando yake. Siku hizi mnapiga picha kwa simu, na mimi pia napiga. Lakini picha haiwezi kukuonyesha kwamba skrubu imebaki. Sinia linaonyesha.

Njia yake ilikuwa hii, na ndiyo nimetumia hadi leo. Injini ndogo inataka vitu vitatu: mafuta, moto na pumzi. Anza na kile ambacho ni rahisi kukiangalia.

Mafuta tulianza kwa pua. Alifungua kifuniko cha tangi, akanusa, akarudi nyuma. "Hii si petroli tena, ni rangi ya mlango." Ilikuwa imekaa humo miaka miwili, na kwa joto la hapa petroli haikai hata miezi michache bila kuharibika. Tukaimwaga yote kwenye debe, mbali na jiko lake. Moto tulichungulia kwa plagi: unaifungua, unaitazama rangi, unairudisha kwenye waya wake, unaigusisha kwenye chuma cha injini, unavuta kamba. Fanyeni hivyo mbali na petroli na mbali na lile tundu la plagi, mshike sehemu ya mpira peke yake. Mimi nilishika chuma. Mama Nekesa alicheka hadi akakaa chini. "Sasa unajua moto upo," akasema. Na pumzi ni kidole gumba: plagi ikiwa nje, na waya wake umewekwa mbali, unaziba tundu lake kwa gumba, mtu mwingine anavuta kamba. Gumba likisukumwa nje kwa nguvu, pistoni bado ni nzima. Lilisukumwa.

"Basi ugonjwa uko kooni," akasema. Alimaanisha kabureta.

Nikafungua kile kisanduku cha bati kinachofunika kabureta, halafu kabureta yenyewe, halafu kile kikombe kidogo chini yake. Ndani petroli ya zamani ilikuwa imeganda kama gundi ya kahawia. Katikati kuna kijiti cha shaba chenye tundu dogo kuliko jicho la sindano, na hapo ndipo mashine yote hunywea. Lilikuwa limeziba. Nikataka kulitoboa kwa sindano ya kushonea. Akanipiga mkono kwa mwiko.

"Ukilipanua hilo tundu, itakunywa kama mlevi na kutoa moshi mweusi. Tumia uzi mmoja wa waya laini wa umeme. Taratibu. Tuna haraka, kwa hivyo taratibu."

Ilikuwa Jumanne jioni nilipomaliza kusafisha. Jumatano nikaanza kurudisha vitu kutoka kwenye sinia, kulia kwenda kushoto. Nikafika kile kisanduku cha bati. Nikakishika mkononi nikakitazama ndani. Kilikuwa kitupu.

Kumbukeni mashine ya kanisa. Pale pale, chini ya kifuniko kama kile, palikuwa na filta ya hewa. Hapa palikuwa na nafasi ya filta bila filta. Nikatazama sinia. Hakuna. Nikatazama chini ya mashine, chini ya gari, ndani ya pipa la taka. Nikafungua mfuko wa nyasi nilizokata. Jasho likanitoka, na haikuwa siku ya joto.

"Unatafuta nini tena?" Mama Nekesa akauliza.

"Filta, Mama. Nimeipoteza."

"Ulikuwa nayo ulipofungua?"

"Sijui."

"Hujui au hukumbuki?"

"Sikumbuki kama najua."

Akaweka mwiko chini. Hapo nilijua mambo ni mabaya. Tulitafuta wote wawili hadi mchele wake ukaungua kidogo. Alisema labda paka, labda upepo. Mimi nilikuwa nikiona lile geti la ofisi ya wakala, na begi langu.

"Kamwambie Baba Khalid," akasema. "Sema, nimefungua, kitu kimepotea, nisamehe."

"Atasema nilisema najua."

"Si ulisema?"

Nikarudi kupekua pipa la taka. Akaingia jikoni akarudi na sponji mpya ya kuoshea vyombo na chujio la chai lililolegea mpini. Kwenye kinu chake, filta ilipochakaa na barabara ya mjini ikakatika kwa mvua, alikuwa akifanya hivi. Tulikata sponji kwa mfano wa kisanduku. Tukaipaka oili safi, tukaikanda kama unga hadi ikaingia kote, tukaikamua hadi isidondoke tena, ili vumbi linase kwenye oili lakini hewa ipite. Nyuma yake tukaweka wavu wa chujio la chai, sponji isije ikavutwa ndani ikamezwa. Tukafunga kwa waya. Ilionekana kama kitu cha mtoto.

Alhamisi asubuhi nikaweka petroli mpya, nikasukuma kile kipira cha kupandisha mafuta mara tatu, nikaingiza kifunguo cha Maryam, nikavuta. Mara ya kwanza ikakohoa. Mara ya pili ikawaka, ikanguruma hadi njiwa wa ukutani wakaruka wote. Mama Nekesa akapiga kigelegele mlangoni kama tuko harusini. Baba Khalid akatoka mbio na kandambili mguu mmoja.

"Barasa! Wallah, wewe fundi!"

Huo ndio ulikuwa wakati wa kumwambia. Nikatikisa kichwa.

Ngoja niwaambie kidogo kuhusu pini kabla ya Ijumaa, kwa sababu nitasahau. Yale meno ya mbele yameshikwa kwa pini laini ambazo zimetengenezwa makusudi zivunjike. Meno yakigonga jiwe, pini inavunjika, injini inapona. Mwaka wa pili zilinikera, nikaweka boliti ngumu ya gari. Nilijiona mwerevu kwa siku mbili. Siku ya tatu jiwe lilikuja, boliti ikakataa kuvunjika, na gia zote za ndani zikavunjika badala yake. Mashine ililala miezi minne. Kwa hivyo kitu dhaifu ukikikuta kwenye mashine, uliza kwanza kinamlinda nani.

Ijumaa ikafika. Ndugu watatu wa Baba Khalid walikuja baada ya sala, wamevaa kanzu nyeupe zilizopigwa pasi, wakakaa kwenye viti vya plastiki kivulini na vikombe vya karaki, ile chai ya maziwa ya hapa, mkononi. Aliyekuwa mkubwa, Abu Saad, mwenye shamba la mitende na pampu nyingi za maji, ndiye aliyetania zaidi. "Nimekuja na koti," alisema. Mchanga wa ujenzi ulikuwa umerundikwa kando ya ukuta, mkavu, laini, juu ya kiuno.

Baba Khalid akaishika mikono ya mashine, akaipeleka kwenye rundo. Enyi vijana, ilikuwa kitu cha kuona. Mchanga ulipanda angani kama maji ya bomba lililopasuka, ukapinda, ukashuka moja kwa moja juu ya gari jeupe la Abu Saad. Wote wakasimama wakipiga makofi, Abu Saad mwenyewe akacheka akishika kichwa. Vumbi lilijaa uwanja mzima hadi hatukuonana. Maryam alikuwa akiruka dirishani.

Dakika kama kumi hivi. Halafu mlio ukabadilika. Ukawa mzito, moshi mweusi ukatoka, na mashine ikazima.

Abu Saad akasema, "Khalas. Theluji imeisha." Wengine wakacheka. Baba Khalid hakucheka. Alinigeukia mimi, na macho ya wote yakamfuata.

Nilijua ni nini kabla sijagusa. Moshi mweusi ni mafuta mengi na pumzi kidogo. Sponji ilikuwa imejaa. Lakini kuitengeneza, ilibidi nifungue kile kisanduku mbele ya watu wote. Mlangoni mwa jikoni Mama Nekesa alikuwa amesimama, mwiko kifuani.

Nikafungua. Sponji ilikuwa imekuwa tofali.

"Hii nini?" Baba Khalid akauliza.

Nikatazama chini, nikaona ule mlimau mkavu karibu na geti. Nikasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka: "Filta, Baba. Hii nimetengeneza mimi na sponji. Ile yake nimeipoteza. Nilikwambia najua makina. Sijui. Najua kidogo tu. Chujio la chai la Madam pia liko hapa ndani."

Hayo ndiyo maneno mengi zaidi niliyokuwa nimesema tangu nishuke ndege.

Baba Khalid akachukua kile kisanduku, akakigeuza, akakitazama. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani ni hasira. Alikuwa akicheka.

"Barasa, hukupoteza kitu. Makina hii haina filta. Haijawahi kuwa nayo. Kule kwenye theluji hakuna vumbi, na filta ingeganda barafu. Wenyewe waliotengeneza hawakuweka." Akatazama rundo la mchanga, akatazama lile vumbi lililokuwa bado linashuka kwenye viti. Niliona wazo linamfikia taratibu. "Na mimi nimeileta kwenye mchanga," akasema.

Abu Saad alikuwa ameshasogea. Akachukua sponji mkononi mwangu, akaikamua juu ya kiganja chake, na matope meusi ya mchanga yakatoka katikati ya vidole. Mtu wa pampu anajua maana yake. "Hii yote ingeingia kwenye silinda," akamwambia ndugu yake. "Dakika hizo hizo kumi, injini ingesagika. Ningekutania hadi uzeeni." Akanitazama. "Nani amekufundisha?"

Nikaonyesha mlango wa jikoni. Mama Nekesa, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akajificha nyuma ya mwiko.

Niliiosha sponji kwa sabuni na maji ya moto, nikaikausha kwa taulo, nikaipaka oili, nikairudisha. Nilitoa plagi nikaifuta masizi. Ikawaka mara ya kwanza. Siku ile walirusha mchanga kwa zamu, ila kila baada ya dakika tano Baba Khalid alipaza sauti, "Barasa, filta!" na nikaisafisha. Kanzu zote nne zilimaliza siku zina rangi ya jangwa.

Lakini kuhusu mimi hakuna aliyesema kitu. Jumapili, siku ambayo majaribio yangu yaliisha, niliamka nikakunja nguo zangu ndani ya begi, nikalilaza kitandani, nikaenda kumwagilia majani. Karibu saa nne Madam akaja jikoni kutoka dukani. Mama Nekesa aliniita. Juu ya meza kulikuwa na machujio mawili mapya ya chai.

"Hili ni la chai," Mama Nekesa akasema. "Na hili Madam anasema ni la Barasa, la makina, asiguse tena la jikoni."

Nililishika lile chujio. Mtu anayerudishwa ofisini leo hanunuliwi chujio. Nikaenda nikafungua begi, nikatundika nguo upya.

Miaka tisa imepita. Chujio lile limeshabadilishwa mara tatu, sponji sijui mara ngapi. Nimetengeneza pampu za Abu Saad, majenereta ya mtaa mzima, mashine za kuoshea magari. Mama Nekesa alirudi Malava mwaka juzi, na nikikwama bado nampigia simu nimsogezee injini aisikilize. Husema, "Iache ikohoe tena," kisha hujibu. Kuongea bado nakuona kugumu. Ila kuna neno moja nililojifunza siku ile, nimelitumia kila siku na halikunirudisha popote: sijui. Liseme mapema, liseme kabla kichwa hakijatikisika.

Mashine naiacha stooni chini ya turubai lake, tangi tupu, plagi imepakwa oili kidogo, kifunguo chekundu kimetundikwa msumarini. Maryam siku hizi ana miaka kumi na tano na ameniambia yeye ndiye ataiwasha baridi ikija.

Sasa niandikieni. Mpeni Otieno karatasi, atapiga picha anitumie Kimilili. Niambieni ni mashine gani imewakataa, mlianza kuangalia wapi, na ni siku gani kichwa chenu kilisema ndiyo kabla yenu. Andikeni hata kwa penseli, hata mistari miwili. Mimi nasoma polepole kama ninavyoandika, na shamba la vitunguu halina haraka.